Mfereji wa Kushoto

Mwanamke akishavua buibui ndani ya saluni yangu, kitu cha kwanza anachofanya si kujitazama kwenye kioo. Hutazama ni nani mwingine yumo. Nimeifanya kazi hii tangu binti yangu mkubwa hajaota meno, na sasa yeye mwenyewe ananyonyesha, na bado sijamwona hata mmoja aliyeanza na kioo. Hutundika buibui msumarini, huanza kuchomoa pini za mtandio, na wakati mikono inashughulika, macho yanakizunguka chumba: nani amekaa kitini, nani yuko chini ya mashine ya kukaushia, nani ameongeza mwili, nani nywele zinamtoka. Akiridhika ndipo hujigeukia mwenyewe.

Saluni ni chumba cha chini cha nyumba kongwe ya Mji wa Kale, kuta zake za mawe nene kiasi kwamba simu hazishiki vizuri, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa faida. Mlangoni pana mapazia mawili, moja nje na moja ndani, yameachana kwa urefu wa mkono, ili upepo wa kichochoroni ukilipeperusha la kwanza, la pili libaki limetulia. Wanaume hawaingii. Anayeleta maji kwa mkokoteni hupiga kelele tangu kona ya juu, "Maji hayo! Maji hayo!" na wateja wangu huirukia mitandio kama kuku walioona mwewe. Simu zote hukaa ndani ya kikapu kando ya mlango. Anayetaka kupiga picha ya nywele zake akapige kwao.

Kwa sababu hiyo chumba changu ni mahali pa nadra. Ukiondoa harusini, hakuna pengine mjini ambapo mwanamke atamwona binti wa watu bila buibui wala mtandio. Na harusini kwa kweli haonekani mtu, huonekana vipodozi. Kwangu binti huonekana nywele zimerowa, uso mtupu, shingo imelazwa ukingoni mwa beseni na mdomo uko wazi. Akipendeza hapo, amependeza.

Kina mama wenye vijana waliofika kuoa wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Mimi nawaita wakaguzi, ingawa si mbele yao. Mkaguzi ana dalili zake. Nywele zake hazina tatizo lolote. Hachagui kiti kinachotazama kioo, huchagua kile cha pembeni kinachotazama beseni. Huuliza kila anayeingia ni wa nani na amekaa wapi. Dalili kubwa ni kwamba hana haraka. Nikimwambia asubiri kidogo, hujibu, "Taratibu, mwanangu, mimi sina pa kwenda." Mwanamke wa Mombasa ambaye Alhamisi alasiri hana pa kwenda, na kesho ni Ijumaa, huyo ni wa kuchungwa.

Wakaguzi siwasaidii wala siwazuii. Nilimwona mmoja akijifanya anamtoa binti uzi kichwani, kumbe anavuta kujua kama nywele ni zake. Zilikuwa zake. Yowe alilopiga binti lilisikika msikitini. Mwingine alimsifu msichana kwa utulivu wake, wakati msichana alikuwa amekaa kimya kwa sababu dawa ya kulainisha ilikuwa inamchoma utosini na alikuwa anajikaza nisimwambie nilimuonya. Wote wawili walioana na vijana wa wale kina mama, na wanaendelea vizuri.

Alhamisi ninayotaka kuisimulia ilianza Jumatano, baada ya adhuhuri, saa ambayo mji umelala na mimi huosha vichana. Aliingia binti mmoja mteja wangu, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana upande wa Tononoka. Huniita khala ingawa hatuna udugu. Akivuka mapazia huwa anafunua ninja, ile nikabu ya uso, kwanza halafu ndipo anasalimu, lakini siku hiyo alisalimu akiwa bado ameifunika, nikajua pana jambo.

"Khala, kesho naja kuonwa."

"Na nani?"

"Na mama yake."

Sikuhitaji kuuliza mama wa nani. Habari za yule kijana nilikuwa nimezisikia kidogo kidogo kila nilipomsuka, na kichwa changu huhifadhi habari za vichwa vya wengine vizuri kuliko za kwangu. Kijana ni karani bandarini, mpole, mrefu, mwenye tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema. Juu yake hakuwa na shaka.

"Yeye nimemaliza kumpigia hesabu," alisema. "Aliyebaki ni mama yake."

Mama huyo nami nilikuwa nikimjua kwa sifa, na sifa zenyewe hazikuwa nzuri. Mkaza mwana wake wa kwanza, mke wa mwanawe mkubwa, alikaa naye nyumba moja muda mfupi, kisha siku moja akaonekana akishuka ngazi na sanduku. Mji ulikamilisha yaliyobaki. Walisema mama alimfukuza. Walisema hata kazi alimkataza. Saluni kwangu pekee nilisikia sababu tofauti kwa idadi ya viti nilivyonavyo.

"Tukioana tutakaa juu kwake," binti aliendelea. "Jumamosi wazee wake wanaleta posa, na baba anataka jibu langu liwe tayari. Mimi kusomesha siachi, khala. Na yeye pia sitaki kumwacha. Nataka nimjue huyu mama kabla ya Jumamosi."

"Muulize."

Alinitazama kama kwamba nilikuwa nimemwambia apae. "Nimuulize mavyaa wangu, kabla ya posa, eti nikija kwako utanifanyaje? Nianze na neno gani?"

Hapo alinishinda. Nilitafuta hilo neno, na mimi hupenda kutafuta mambo mpaka mwisho, nikaona halipo. Binti huulizwa. Mama wa mume hujulikana baadaye, ukiwa umeshahamisha nguo.

"Sasa kwangu wataka nini?"

Alinyoosha kidole kwenye aproni ya buluu iliyotundikwa karibu na beseni. Ilikuwa ya msaidizi wangu, mama mmoja wa Kaloleni, aliyekuwa amekwenda kwao kumuuguza dada aliyejifungua. Juma hilo nilikuwa nikiosha vichwa mwenyewe na kiuno kilikuwa kimeanza kulalamika.

"Hajawahi kuniona uso," alisema. "Nje mimi huvaa ninja. Atakuja kunitafuta vitini. Mimi nitakuwa nyuma ya kichwa chake."

Ningependa kusema nilikataa kwanza. Ukweli ni kwamba nililipenda wazo hilo kabla hajalimaliza, na nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nalichunguza kama lina mahali linapovuja. Shule mimi niliiachia njiani. Ninachojua kuhusu nywele nimekisoma nyuma ya chupa na katika vitabu vya mitumba, na humo vitabuni nilikuwa nimewahi kukutana na jambo ambalo beseni limenithibitishia mara nyingi: uso ukiuona juu chini, hauutambui. Nimemwona mteja akizungumza na wifi yake mwenyewe aliyemwinamia kutoka nyuma, akimwita "dada" kwa adabu mpaka alipoinuka. Na jambo la pili silihitaji kitabu. Mtu akilazwa kichwa nyuma, macho amefumba na maji ya uvuguvugu yanampita masikioni, ulimi wake hulegea. Siri zote ninazozijua za mji huu nimezipata beseni, hakuna niliyoipata kwenye kioo.

Nilimpa sharti moja. "Hutasema uongo. Akikuuliza jina, utalitaja."

"Hataniuliza," alisema. "Nani huuliza jina la anayemuosha?"

Mimi nilianza kazi hii kwa kuosha, miaka kadhaa, na nikikumbuka, alikuwa amesema kweli tupu.

Tukafanya mazoezi kichwani kwangu. Nilimfundisha kupima maji kwa kifundo cha mkono, kuweka kiganja kwenye paji la uso maji yasiingie machoni, kusugua kwa ncha za vidole na si kwa kucha, kuanzia mbele kurudi kisogoni na kutosahau nyuma ya masikio, ambako wengi husahau. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na vidole vibaya. Alinisugua kama anayefuta ubao. Nilipoinuka, sikio langu moja lilikuwa limejaa maji na kola imerowa mpaka mgongoni, lakini nilimwambia anaendelea vizuri, kwa sababu muda haukuwepo. Maji nilikuwa nimeyafungua mimi mwenyewe, mkono nyuma ya shingo, kwa mazoea. Sikulifikiria hilo.

Alhamisi baada ya alasiri walikuwemo wateja wawili tu. Mmoja alikuwa msichana aliyekuja kukatwa ncha, aliyemaliza akaondoka mapema. Wa pili alikuwa bibi wa ghorofa ya juu, jirani yangu, ambaye kila Alhamisi hushuka kutiwa rola na kukaa chini ya mashine muda mrefu kuliko nywele zake zinavyohitaji, maana kwake juu hakuna wa kuzungumza naye. Mashine ile hunguruma. Bibi akiwa chini yake huamini kwamba sisi ndio hatusikii, kwa hivyo hupiga kelele.

Mapazia yakafunguka, akaingia mwanamke wa makamo, mnene kidogo, miwani ya fremu ya dhahabu, sauti ya chini.

"Salaam aleikum. Masalkheri."

"Waaleikum salaam, mama. Masalkheri. Karibu, karibu ndani."

Alitundika buibui. Alitazama viti, akaona vitupu. Alimtazama bibi chini ya mashine, na bibi akamtazama. Kisha akachagua kiti cha pembeni kinachotazama beseni.

"Nimekuja kuosha tu," alisema. "Lakini taratibu, mwanangu. Sina pa kwenda."

Nikajisemea, haya, mkaguzi huyo. Nikamwambia kuosha kwenyewe kuko tayari. Binti akatoka nyuma, aproni ya buluu, kichwa amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, akainama kwa adabu bila kusema neno na kumwongoza mpaka kwenye beseni. Yule mama akaketi, akavua miwani, akaiweka mapajani, akalaza kichwa. Nikahema. Bila miwani, uso juu chini. Mpango ulikuwa unazidi kuwa mzuri.

Mimi nilijiweka kwenye kiti cha kwanza, nikajifanya napanga vibanio kwa ukubwa, kazi ambayo kwa kweli ninaipenda.

Maji yakafunguliwa. Shampuu ikamiminwa. Vidole vikaanza. Nilitega sikio nikisubiri sauti ya povu, kwa sababu povu lina sauti yake, kama mtu anayetembea juu ya mchanga uliorowa. Haikuja. Nikageuka. Binti alikuwa anasugua kwa nguvu zote na kichwani hakuna kitu. Akaongeza shampuu. Akaongeza tena.

Nikatazama mifereji, nikaona. Beseni langu lina miwili. Wa kulia ni maji matamu, yale ya mkokoteni, ninayoyapandisha tangini. Wa kushoto unatoka kisima cha nyumba, maji ya chumvi, ya kusuuzia taulo na kupigia sakafu deki. Maji ya chumvi shampuu huyakataa. Kila anayefanya kazi kwangu hulijua hilo siku ya kwanza, ndiyo maana sikuwahi kuweka alama yoyote, na ndiyo maana sikumwambia. Alikuwa anamuosha mama wa mchumba wake kwa maji ya deki.

"Mamangu," nilisema polepole, bila kumtazama, "ule mwengine."

"Upi?"

"Wa kulia."

Akahamisha. Povu likapanda mpaka likafunika mikono, maana kichwani palikuwa na shampuu ya wateja wanne. Yule mama alikuwa amefumba macho, uso umetulia, hajasema kitu. Nilirudi kwenye vibanio na kumshukuru Mungu.

"Msichana mgeni?" mama aliuliza baada ya muda.

"Ndiyo, mama," binti alijibu. "Wa leo."

Haikuwa uongo.

"Watu wasema Alhamisi hapa pana watu wengi. Mbona patupu?"

"Labda watakuja. Mama wamngoja mtu?"

"Nimekuja kumtazama binti mmoja. Mwanangu yuwataka kuoa."

"Mashallah. Mkaza mwana wa kwanza?"

Vibanio viliniponyoka mkononi. Nilikuwa nimemwonya asifike huko upesi. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu akiona swali ndilo hilo, haanzi na jingine.

Maji yalikuwa yakitiririka.

"Wa pili. Wa kwanza alitoka."

"Pole, mama. Ilikuwa nini?"

"Jiko."

"Jiko?"

"Mimi nina mitungi yangu ya viungo. Bizari hapa, iliki hapa, mdalasini hapa. Hata stima ikipotea mkono wangu wajua. Naye kila siku aihamisha. Alikuwa akipanga kwa rangi. Mimi nikanyamaza. Nikasema mtoto wa watu, atazoea. Nilinyamaza mwaka mzima, sikusema hata neno moja. Halafu siku moja nikayasema yote ya mwaka."

Binti aliacha kusugua. "Siku moja?"

"Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Alasiri akafunga sanduku. Watu wasema nilimfukuza. Sikumfukuza. Lakini ningelikuwa yeye, ningelitoka pia."

Nilimtazama binti. Alikuwa ameuma mdomo kwa kuzuia cheko, na mabega yalimtikisika. Povu likamdondokea mama kwenye nyusi.

"Samahani, mama. Na huyu mwengine akija, ikawa hivyo hivyo?"

"Huyu nimemjengea jiko lake huko juu. Apange kwa rangi, apange kwa herufi, mimi sipandi. Nina magoti."

"Na ikiwa ni mtu wa kazi? Maana wasichana wa siku hizi wafanya kazi."

"Afanye. Tukishinda sote nyumbani kutwa, mmoja wetu ataishia kituo cha polisi. Yule wa kwanza kazi aliiacha mwenyewe, hakuipenda, na mji ukasema ni mimi. Mimi nataka kitu kimoja. Ijumaa ale kwangu."

"Ijumaa twatoka saa..." Binti akajirudi. "Watu wa kazi hutoka saa ngapi Ijumaa?"

"Wengine mapema, wengine kuchelewa. Nitamngoja. Wali haukimbii."

Nilikuwa sijasikia kitu kitamu kama hicho chumbani mwangu kwa miaka. Nilijiona kama fundi aliyetega saa na ikapiga pale pale alipoitega. Ndipo, kutoka chini ya mashine, bibi wa ghorofa ya juu alipoamua kutumia sauti yake.

"WEWE! Huyo anayeosha! Si yule mwalimu wa hesabu wa mjukuu wangu huyo?"

Binti akageuka jiwe. Mimi nikasimama.

"Mbona yuwaosha vitwa? Shule wamemfukuza?"

"Bibi," nilisema, nikakumbuka sharti nililoliweka mwenyewe la kutosema uongo, na kwa mara ya kwanza nikaona ubaya wake. "Bibi, miwani yako i wapi?"

"Ya nini? Miwani ni ya kusomea! Mbali mato yangu yaona!"

"Mashine ni moto, bibi? Nikupunguzie?"

"Sikusikii! Nasema huyo ni MWALIMU!"

Nilijua yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwomba radhi yule mama. Lakini kutoka kwenye beseni, macho yakiwa yamefumba vile vile, ilitoka sauti ya chini, ya mtu anayekaribia kusinzia.

"Watu hufanana."

Basi. Bibi hakusikia, akakasirika, akafumba macho na yeye. Binti akaniangalia juu ya kile kichwa chenye povu, mimi nikamwangalia, na wote wawili tukaamini kwamba Mungu ametusitiri.

"Na wewe," mama alisema, binti alipoanza kusuuza. "Tuseme tu. Ungelikuwa mkaza mwana wangu, nami nimenuna na sisemi. Ungelifanya nini?"

Binti alifikiri. Alisuuza nyuma ya masikio, kama nilivyomfundisha, halafu akajibu.

"Ningelikwambia siku ile ile, mama. Kuwa umenuna. Nisingelingoja mwaka."

Yule mama alifumbua macho. Alimtazama kwa muda, kutoka chini kwenda juu. Kisha akafumba.

"Shingo imeniuma," alisema. "Nitoe."

Binti alimfunga taulo kwa namna ambayo alifanana na mtu mwenye jino bovu, akamwinua, akakimbilia uani kwa mwendo ambao hakuna mwosha nywele yeyote aliyewahi kutembea. Nikamketisha yule mama mbele ya kioo, nikafungua taulo, nikaanza kumchana. Zilikuwa nywele nzuri, zenye hina ya zamani, na zilikuwa safi kupita kiasi. Alivaa miwani yake. Akanitazama kwenye kioo.

"Yule msichana wako."

"Naam, mama."

"Hajui kuosha."

"Ni mgeni, mama. Utanisamehe. Atajifunza."

"Asijifunze. Mwache aende. Mimi nimeoshwa saluni tangu kabla yeye hajazaliwa. Hakuna mwosha nywele asiyejua maji ya chumvi. Mwambie kazi hii aiwache. Ile ya shule asiiwache."

Kichana kilisimama katikati ya kichwa chake. Mimi ninayejivunia kuona kila kitu, hilo sikuliona.

"Ulimjua, mama?"

"Nilimjua tangu alipokuja na aproni. Mimi nilishamwona mwezi uliopita, Biashara Street, agombania bei ya leso. Alifunua ninja ili agombane vizuri. Mwenye duka alichoka yeye kwanza." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Nikamuuliza mwanangu, aliyekuwa nami ng'ambo ya njia, ni huyu? Akasema ndiye."

"Basi ikiwa ulishamwona, leo ulikuja kutazama nini?"

"Nani kasema nilikuja kutazama?" Alirekebisha miwani. "Mji mzima umemwambia mimi ni nani. Mimi sina pa kumwambia. Nitakwenda kwao niseme sikumfukuza mwenzako? Wazee watanishangaa. Nikamwambia mwanangu, mpashe kuwa mama ataka kukuona, Alhamisi, saluni. Nilijua ana akili, atafanya kitu. Sikujua kitu gani. Nilidhani atajificha nyuma ya pazia asikilize." Alicheka, mabega yakamtingishika chini ya kitambaa. "Kuniosha sikulifikiria. Alinisugua kama anafuta ubao."

Nilianza kucheka na mimi, na bibi chini ya mashine, aliyeona vinywa vyetu kwenye kioo na asisikie kitu, akapiga kelele kutaka kujua tunamcheka nani.

Kabla hajatoka, yule mama alinishika mkono pale mlangoni, kati ya pazia na pazia. "Usimwambie kuwa nilijua," alisema. "Mpaka Jumamosi. Mwache ajibu mwenyewe."

Nilikwenda uani. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kisima, aproni mikononi, amerowa mpaka viwiko.

"Khala, amesema nini?"

Nilikuwa nimebanwa na sharti langu kwa upande mmoja na ombi la mama kwa upande wa pili. Nikachagua ile sehemu ya ukweli isiyovunja lolote kati ya hayo mawili.

"Amesema hujui kuosha."

Akaficha uso ndani ya aproni akacheka, akacheka mpaka nikaona kuwa sasa si cheko peke yake. Halafu akajifuta kwa ile aproni, akavaa mtandio, na akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hesabu zimemtoka sawa, kama naweza kumwekea nafasi ya kusukwa kabla ya Jumamosi.

Jumamosi alijibu ndiyo. Nilimpamba mimi, na siku ya harusi nilimuosha mimi, kwa mfereji wa kulia.

Jumatatu iliyofuata ile posa nilifunga kitambaa chekundu kwenye mfereji wa kushoto. Binti anasomesha bado. Ijumaa akitoka shuleni hula kwa mavyaa wake, na jiko la juu limepangwa kwa herufi. Huja kwangu pamoja, Alhamisi, na bibi wa ghorofa ya juu, ambaye hajawahi kutusamehe, huwakodolea macho wote wawili kutoka chini ya mashine. Nilingoja kwa hamu kusikia ni nani atakuwa wa kwanza kuitaja ile siku. Ombi la mama lilikwisha muda wake, nami ningeweza kusema. Nimeona afadhali niangalie. Mpaka leo hakuna aliyeitaja, wala sijui kama yule binti alishang'amua kwamba mama alimjua.

Lakini kila mara yule mama akilazwa kwenye beseni, kabla msaidizi wangu wa Kaloleni hajagusa kitu, husema macho yamefumba, "Wa kulia, mwanangu." Msaidizi huniangalia, ameudhika, maana kitambaa chekundu anakiona. Na kwenye kiti cha pili, yule mwalimu wa hesabu huendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake mapajani, kalamu nyekundu mkononi, hainui kichwa, ila kalamu husimama.